Zote ni 252: kupima benzo(a)pireni kwenye chembechembe za hewa

Wengi hudhani kupima sumu kwenye hewa ya mjini ni kununua mashine ya bei mbaya, kuiwasha na kusoma jibu. Mashine yenyewe ni kromatografia ya gesi iliyofungwa pamoja na spektrometa ya masi, ambayo kazi yake ni kupima uzito wa molekuli. Ipe benzo(a)pireni, sumu inayotoka kwenye moshi wa kuni, dizeli na takataka zinazochomwa, nayo itakujibu 252. Ipe benzo(e)pireni: 252. Perileni: 252. Benzo(b)fluorantheni na ndugu zake (j) na (k), hali ni hiyo hiyo, kwa sababu zote zina kaboni 20 na hidrojeni 12.

Kwenye mapafu ya mtu, hata hivyo, hazilingani. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) limeiweka benzo(a)pireni Kundi la 1, yaani inasababisha saratani kwa binadamu bila ubishi. Benzo(e)pireni ipo Kundi la 3, ambako ushahidi haujatosha kuihukumu. Ukizihesabu pamoja umemsingizia mmoja kosa la mwingine.

Kinachozitenganisha ni neli ya ile kromatografia: uzi wa silika (aina ya kioo) wenye tundu la milimita 0.25 na urefu wa mita 30, umepakwa ndani utando mwembamba sana. Heliamu inazisukuma molekuli huku joto la oveni likipanda taratibu, na kila aina inang'ang'ania utando kwa kiasi chake. Kwenye neli ya kawaida tunayotumia, fluorantheni zinatangulia, halafu (e), halafu (a), perileni inafunga. Kati ya (e) na (a) nafasi ni ndogo sana. Neli ikichakaa, au kioo cha mdomo wa mashine kikijaa masizi, vilele vyao viwili kwenye grafu ya mashine vinaanza kuegemeana, na programu itakata mpaka popote inapopenda. Mimi hukata kwa mkono na kuangalia kila kilele kwa macho. Wanaoiachia programu kazi hiyo siwaelewi.

Kiasi chenyewe ni kidogo kupita kiasi. Umoja wa Ulaya uliweka kiwango cha nanogramu 1 kwa kila mita ya ujazo, wastani wa mwaka. Pampu inayovuta hewa kupitia kichujio, mita za ujazo 2.3 kwa saa, itapitisha takriban 55 kwa siku nzima, kwa hiyo kwenye hewa ya kiwango hicho kichujio kinabeba nanogramu 55. Ukiikamua kwa kiyeyusho cha dikloromethani, ukaipuliza kwa naitrojeni hadi ibaki mililita 1, kisha ukadunga mikrolita 1, mashine inapata pikogramu 55. Hiyo ni kama hukupoteza kitu njiani, na kupoteza ni lazima.

Ndiyo maana kabla ya kukamua tunadondoshea kichujio kiasi kinachojulikana cha benzo(a)pireni ambayo hidrojeni zake zote zimebadilishwa kuwa deuteri, yaani hidrojeni nzito. Hii ina uzito wa 264, kwa hiyo haichanganyiki na ile ya hewani, ila inapotea pamoja nayo hatua kwa hatua. Ikirudi asilimia 70, najua na ya hewani imepungua kwa kiasi kile kile. Vichujio vya kwatsi (nyuzi za silika) tunavichoma kwenye tanuru kabla ya kuvitumia, na kimoja kinasafirishwa hadi kituoni na kurudi bila kuvutishwa hewa. Nikiletewa sampuli bila hicho kitupu, nasita hata kuzipima.

Sasa, yule jirani asiye na hatia ana faida yake. Benzo(a)pireni huliwa na ozoni na mwanga, angani na hata juu ya kichujio wakati pampu bado inavuma. Benzo(e)pireni ni ngumu zaidi. Uwiano wao ukishuka, ama moshi umesafiri mbali, ama sampuli imeharibika mikononi mwetu. Mashine haiwezi kuniambia ni lipi kati ya hayo mawili. Kwa hiyo namuuliza aliyeleta: kichujio kilifungwa kwenye karatasi ya alumini mara tu kilipotolewa? Kilikaa kwenye barafu, au kwenye buti la gari juani hadi jioni?