Siku 21 za kujenga tabia, na mchoro mmoja kila siku

Kuna imani ya siku nyingi kwamba ukifanya kitu siku 21 mfululizo kinakuwa tabia, na ukiruka moja tu unaanza upya. Wengi wanaotaka kuchora au kupiga picha kila siku mwaka mzima huku wana kazi wanaishia kuamini hivyo, na siwalaumu, namba yenyewe inatia moyo.

Ila ilivyoanza ni hivi, daktari mmoja wa upasuaji Marekani aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji kama siku 21, tena angalau, kuzoea sura mpya. Mambo ya kuchora hayakuwemo kabisa. Baadae utafiti wa Uingereza wa 2009 ukawafuatilia watu 96, wastani wa kitu kuwa tabia ukawa siku 66, ila makadirio yalianzia 18 mpaka 254, na kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana.

Mi nachora kwenye daladala ya Mtumba kwenda Nkuhungu, Dodoma, jioni, kidaftari kwenye goti, gari ikiruka tuta mbuyu unapata tawi ambalo halipo. Dakika kumi basi.

Unaweza kupima mwenyewe, chukua kalenda ya ukutani, kila siku ukifanya weka tiki, na pembeni andika kama ulijilazimisha au ilikuja yenyewe. Ukiruka acha wazi tu, usifute. Baada ya miezi mitatu hesabu, halafu muulize na mwenzako wa ofisini yake ilichukua ngapi.