Kunguru wa Dar es Salaam wanaanzia kwenye guba la taka

Fika kwenye guba la taka la soko lolote la Dar es Salaam saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla gari la kuzoa halijapita, usimame kando utazame. Kunguru wa kwanza hutua ukingoni. Anageuza kichwa huku na huku, kisha anashika fundo la kiroba kwa mdomo na kulifumua polepole, kama fundi cherehani anayefumua mshono. Utumbo wa samaki ukichomoza tu, wenzake wanashuka. Dakika chache baadaye hawahesabiki. Gari likifika wanapaa hadi kwenye mwembe wa jirani, na humo, kama kuna kiota cha ndege mdogo kama shore au chozi, kifungua kinywa kinaendelea kwa mayai na makinda.

Wananchi wanaotupigia simu ofisini huuliza jambo moja: serikali itawamaliza lini hawa ndege? Swali ni halali. Jibu langu huwakera wengi, kwa sababu naanza kwa kuwauliza taka za mtaa wao zinazolewa mara ngapi kwa wiki.

Kunguru tunayemzungumzia, mweusi mwenye shingo ya kijivu, si mwenyeji. Kwao ni Bara Hindi. Aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka za mji, na kazi hiyo akaifanya kwa bidii kuliko walivyotarajia waliomleta. Baadaye akaenea pwani ya bara, Tanzania na Kenya. Usimchanganye na kunguru wa kwetu, mkubwa kidogo, mwenye kifua na shingo nyeupe, ambaye huyu mgeni amemsukuma nje ya miji mingi ya pwani. Wahenga walisema kunguru hafugiki. Huyu kweli hatumfugi, ila tunamlisha.

Njia za kumpunguza zinajulikana. Ya kwanza ni mtego: kizimba kikubwa cha wavu wenye mlango wa juu unaobana kwenda chini, ndani mna vipande vya nyama na kunguru mmoja hai wa kuwavuta wenzake. Wakiingia hawajui kutoka. Shida ni kwamba ndege huyu ana akili. Kundi likishaona wenzao wamenaswa, linajifunza kukaa mbali. Njia ya pili ni sumu maalumu inayochanganywa na nyama na kuua polepole, hata ndege akafia mbali na pale alipokula. Hii hutumiwa na wataalamu wenye kibali tu. Naomba nisisitize hapa: kuweka sumu ya panya au dawa ya mifugo juu ya ukuta wako ni kuua paka wa jirani, mwewe na pengine mtoto. Kunguru mwenyewe huenda asiguse.

Zanzibar walifanya kampeni kubwa ya mitego na sumu katika miaka ya 1990. Idadi ilishuka sana. Fedha za mradi zilipokwisha, kunguru wakarudi. Dar es Salaam nayo imepitia kampeni za namna hiyo, na mwaka 2024 Kenya ilitangaza nia ya kuua kunguru milioni moja katika pwani yake. Sizipingi kampeni hizi, zina kazi yake. Lakini kunguru waliobaki baada ya kampeni hukuta chakula kilekile na washindani wachache, kwa hiyo wanazaana vizuri zaidi. Idadi ya kunguru hufuata wingi wa taka zilizo wazi: mabaki ya soko la samaki, matumbo ya machinjioni, makombo ya mama lishe yaliyomwagwa mtaroni.

Ndiyo maana nasema kazi kubwa ya halmashauri katika kulinda bioanuwai, yaani wingi na mchanganyiko wa viumbe wa mji, haifanyiki siku ya kupanda miti yenye maturubai na spika. Inafanyika kwenye idara ya usafi. Guba lenye mfuniko, gari linalopita siku iliyotangazwa, pipa linalofungwa buchani, na bwana afya anayetoza faini kwa sheria ndogo iliyopo tayari. Ukiniuliza nichague kati ya miche elfu kumi na magari matatu ya taka yanayotembea, nachukua magari.

Haina maana kwamba miti haina thamani. Dar es Salaam ina bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, jirani na Makumbusho ya Taifa, na mpaka leo ukiingia pale mchana wa jua kali unahisi jiji limebaki nje ya geti. Mingi kati ya miti yake ni ya kigeni, kama ulivyo mwarobaini uliojaa mitaani na huo mwembe nilioutaja, vyote vyenye asili ya Asia. Ugeni peke yake si kosa. Tunachokihofia ni kiumbe mgeni anayewafukuza wenyeji. Mwembe hajamfukuza mtu.

Sasa twende mtoni. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unateremka kiasi cha kilomita 35 kupitia Vingunguti, Kigogo na Jangwani, unaishia baharini penye Daraja la Salenda. Simama pale maji yakiwa yamekupwa uangalie upande wa bara. Miti ile ni mikoko, na mingi ni ule uitwao mchu. Mchu unaota kwenye tope lisilo na hewa, hivyo mizizi yake hutoa vipumuzi vinavyochomoza juu kama misumari iliyopigwa kutoka chini. Mto unaposhusha mchanga mwingi, chupa, ndala zilizokatika na viroba, vipumuzi vinafunikwa na mti unakosa pumzi. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 1 Juni 2019 ilisaidia, rambo hazionekani tena kwa wingi ule. Chupa zipo. Na mchu ukifa, wanaondoka kaa, vidagaa wanaokulia kwenye mizizi na ndege wanaokuja kuwala.

Hapa ndipo msomaji anapotakiwa kujua nani anahusika na nini, maana wengi humlaumu mkurugenzi wa manispaa kwa kila kitu. Mikoko ni hifadhi ya misitu na iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Maji ya mto yanasimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Mitaro ya barabara za mitaa ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini; ya barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Taka na vibali vya ujenzi ni vya halmashauri, nazo kwa mkoa mzima ni tano: Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Mto mmoja, ofisi zote hizo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe. Tembea bondeni uhesabu kuta zilizomo ndani ya hizo mita 60. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa kuendeleza bonde hilo. Kuhamisha watu waliokwisha kujenga ni ghali kuliko kukataa kibali siku ya kwanza.

Durban, Afrika Kusini, walilitazama tatizo hili mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walianza kuchora ramani ya mabonde, misitu, nyika na midomo ya mito inayounganika, leo zaidi ya hekta 70,000. Mwaka 2010 ramani ikaingizwa kwenye mipango rasmi ya matumizi ya ardhi. Mwenye kiwanja ndani ya mstari hanyang'anywi, ila ombi lake la kujenga halipiti mpaka idara ya mazingira iseme neno. Ningependa kila afisa mipango miji wa kwetu awe na karatasi kama hiyo mezani, kubwa, iliyochakaa kwa kutumika.

Na mwananchi? Ukiona lori linamwaga kifusi bondeni, andika namba ya gari, saa na mahali, piga picha, peleka kwa mtendaji wa mtaa na udai nakala iliyogongwa muhuri. Karatasi ile ina nguvu. Miaka ya mwisho ya 1980 wakazi wa Tabata walilishtaki jiji kwa sababu ya dampo lililokuwa likiwaunguzia moshi majumbani, na wakashinda. Jiji likapeleka taka Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, nao wakashinda. Taka zikahamia Vingunguti, ukingoni mwa Msimbazi, upande wa juu wa mto kutoka ile mikoko ya Salenda.