Duka halikui: je, mtaji ndio mdogo?

Wengi huamini duka dogo likikwama, dawa ni kuongeza mtaji. Mtaji una umuhimu wake, ila mara nyingi tatizo ni mzunguko, yaani kasi ya pesa kugeuka bidhaa na kurudi kuwa pesa.

Tuseme mfuko wa sukari wa kilo 50 umenunuliwa sh 130,000, na kilo inauzwa sh 2,800. Ukiisha wote, unapata 140,000. Ukizunguka mara 6 kwa mwezi, pesa ileile huzaa 60,000 kabla ya pango na umeme. Lakini kilo 10 zikikopeshwa, mkononi zinabaki 112,000, na mfuko mwingine haununuliki. (Bado hatujataja gramu zinazopotea wakati wa kupima.) Ukikopa kuziba pengo hilo, deni nalo linaongezewa riba.

Kujipima ni rahisi. Tarehe mosi, jumlisha bidhaa kwa bei ya kununulia, taslimu na unazodai, toa unazodaiwa. Rudia mwisho wa mwezi. Jumla ikipanda huku taslimu ikishuka, pesa imelala kwa wateja au rafuni. Jumla ikishuka ilhali mauzo ni mazuri, angalia kilichotoka droo kwenda nyumbani, hata ile mia tano ya mboga.