Paka mwenye kisukari akishatibiwa meno: maswali kuhusu sukari yake

Paka wangu ana kisukari na daktari anataka kumng'oa meno yaliyooza. Si bora nimwachie tu, kuliko kumlaza nusukaputi?

Nusukaputi ina hatari zake, lakini kinywa kibovu kinamuumiza paka huyu kila siku. Kisukari cha paka mara nyingi hufanana na kile cha ukubwani kwa binadamu: kongosho bado linatoa insulini kiasi, ila mwili hauiitikii vizuri. Fizi zilizovimba na mizizi yenye usaha huzidisha ukaidi huo. Ndiyo maana utakuta paka anaongezewa dozi mara kwa mara, sukari haishuki, kumbe hakuna aliyemfungua mdomo akatazama nyuma kabisa kwenye magego.

Kabla ya kumlaza, daktari hupima damu, figo na ketoni, yaani asidi zinazojaa mwili ukichoma mafuta kwa kukosa insulini ya kutosha. Paka anayetapika au mwenye ketoni huahirishwa kwanza. Akiwa usingizini, sukari hupimwa kila nusu saa hadi saa moja.

Asubuhi ya siku hiyo nimchome insulini?

Usiamue mwenyewe. Madaktari wengi huagiza nusu ya dozi kwa kuwa paka hajala, wengine hutazama kwanza kipimo cha asubuhi. Omba uandikiwe: ale mwisho saa ngapi, achomwe yuniti ngapi, na ufanyeje jioni akikataa chakula. Hilo la mwisho watu husahau kuliuliza, halafu wanahangaika na simu usiku.

Tumerudi nyumbani, nimempima, mashine inasoma 19. Niongeze dozi?

Hapana. Paka mwenye afya husoma takriban 4 hadi 8 (milimoli kwa lita, kama namba zote hapa), lakini woga peke yake unaweza kumfikisha 16 au zaidi hata kama hana kisukari. Na huyu wako ametiwa kwenye kikapu, kapanda gari, kanusa mbwa asiowajua, kachomwa sindano na kung'olewa meno. Kama alipewa steroidi (dawa kali ya kupunguza uvimbe), mfano deksamethasoni, nayo hupandisha sukari. Namba moja kubwa ya usiku wa kwanza iandike kwenye daftari na uiache hapo. La kumpigia daktari simu ni namba zinazobaki juu siku kadhaa huku paka akinywa maji kupita kawaida, au namba kubwa pamoja na kutapika na kuzubaa.

Kwa nini mnaonya kuhusu sukari kushuka mno, wakati ugonjwa wenyewe ni wa sukari kupanda?

Kwa sababu dozi anayochomwa sasa ilipangwa wakati mdomo umejaa uvimbe. Uvimbe ukiondoka, mwili unaanza kuiitikia insulini, na yuniti zilezile zilizokuwa hazitoshi zinageuka kuwa nyingi. Mabadiliko haya hayaji usiku mmoja. Huja ndani ya siku au wiki kadhaa, yaani hasa pale mwenye paka ameshatulia na kuacha kupima.

Kwa hiyo mpime kabla ya kila sindano, na siku nyingine mpime pia katikati, kati ya saa 4 na 8 baada ya kumchoma, ambapo aina nyingi za insulini huwa zimefikia kilele cha nguvu zake. Mshike ukingo wa sikio, upashe joto kwa kitambaa cha uvuguvugu, tegemeza pamba nyuma yake na uchome. Tone dogo la damu linatosha. Mwombe daktari akupe namba ya mpaka: sukari ikiwa chini yake kabla ya sindano, humchomi mpaka mzungumze. Chini ya 3.5 ni hatari hata kama paka anatembea na kukukoromea.

Mashine za binadamu zinazouzwa famasi mara nyingi husoma chini kidogo ya ukweli kwa damu ya paka. Zitumie, ila usibadilishe mashine katikati ya wiki hizi ukafikiri unalinganisha namba zilezile. Ikiwa yako inasoma kwa miligramu, gawanya kwa 18.

Nitajuaje imeshuka mno, na nifanye nini?

Anayumba, miguu ya nyuma inalegea, anatazama kama hakuoni, anatetemeka au anapata degedege. Wengine huanza kwa njaa ya ghafla. Kama anameza, mpe chakula mara moja. Kama hawezi, mpake asali au maji mazito ya sukari ndani ya shavu, mbali na nyuzi, kiasi cha kijiko cha chai kwa jumla, kidogo kidogo. Akiwa kwenye degedege usitie kidole kati ya meno na usimmiminie kitu, atapaliwa. Pima tena baada ya dakika 15 na uwe njiani kwenda kwa daktari, hata akionekana amezinduka, maana insulini bado iko mwilini.

Hataki kula. Nimpikie uji?

Usimpe uji, wala wali uliopondwa. Wanga utampandisha sukari bila kumpa anachohitaji. Mpe nyama ya kuku au samaki wa kuchemsha, asiye na miiba, asagwe awe laini, bila chumvi wala vitunguu vya aina yoyote, maana vitunguu ni sumu kwa paka. Chakula kipashe joto kidogo ili kinukie. Lakini angalia: kama alizoea ugali na dagaa au chakula kikavu cha dukani, kumhamishia nyama tupu ghafla nako kunashusha sukari, juu ya ile inayoshushwa na kupona kwa fizi. Mwambie daktari kabla ya kubadili.

Akigoma kabisa, usimchome dozi kamili, fuata yale uliyoandikiwa. Paka asiyekula siku 2 au 3 ini lake huanza kujaa mafuta, na mwenye kisukari anaweza kuingia kwenye ketoni mapema zaidi. Usisubiri siku hizo zifike. Mara nyingi tatizo ni maumivu, na dawa yake aandike daktari. Panadol humuua paka, hata kipande. Diklofenaki na ibuprofeni usimpe pia.

Wangu anatumia dawa ya kumeza, hachomwi.

Dawa za jamii ya bexagliflozin na velagliflozin hutoa sukari kupitia mkojo. Paka anayezimeza anaweza kujaa ketoni huku sukari ikisoma kawaida, na kutokula ndiko kunakomfikisha huko. Mjulishe daktari mapema, kwa kuwa dawa hizi huhitaji kusimamishwa karibu na upasuaji. Kwake yeye mashine ya sukari haitoshi, nunua na vijiti vya kupima ketoni kwenye mkojo.

Insulini ya famasi ya binadamu ni sawa na ya wanyama?

Tazama nguvu yake. Ya binadamu huwa yuniti 100 kwa mililita, baadhi ya za wanyama ni 40, na kila moja ina bomba lake la sindano. Ukivuta ile ya 100 kwa bomba la 40 hadi alama ya 2, umempa paka yuniti 5.

Ameachishwa insulini wiki kadhaa baada ya kung'olewa meno. Amepona?

Wapo wanaofika hapo, na ni furaha kubwa, lakini kisukari kinaweza kurudi. Endelea kumpima mara moja kwa wiki, mpime uzito, usimwache anenepe, na arudi kukaguliwa kinywa. Kila daktari mpya atakayemwona aambiwe kwamba aliwahi kuwa na kisukari, kabla hajafikiria kumchoma steroidi.