Farasi wa Géricault hawakukosewa

Nakala ya mchoro wa mbio za farasi za Epsom, Uingereza, kazi ya Théodore Géricault ya mwaka 1821 ambayo asili yake imo katika jumba la makumbusho la Louvre mjini Paris, huletwa dukani kwangu mara kwa mara ili itiwe fremu, na karibu kila anayeileta huweka kidole juu ya miguu ya farasi na kunijulisha, kana kwamba anafichua siri, kwamba mchoraji hakujua farasi hukimbiaje.

Ni kweli kwamba farasi wale wanne, waliotupa miguu ya mbele mbele na ya nyuma nyuma huku matumbo yakikaribia nyasi, wako katika mkao ambao farasi aendaye shoti hawi nao. Picha alizopiga mpigapicha Eadweard Muybridge huko Palo Alto, California, mwaka 1878, kwa kamera 12 zilizopangwa kando ya njia na kufyatuliwa kwa nyuzi, zilionyesha kuwa kwato zote nne huwa hewani pale miguu inapokunjwa chini ya tumbo. Lakini jicho lilikuwa halijawahi kuliona hilo, na miaka 57 kabla ya picha hizo hapakuwa na mtu wa kumweleza Géricault, ambaye alikuwa mpanda farasi hodari, aliyeuchora mchoro huu akiwa Uingereza kwa mwenyeji wake Adam Elmore, mfanyabiashara wa farasi, na ambaye majeraha ya kuanguka kutoka mgongoni mwa farasi yalichangia kifo chake mwaka 1824 akiwa na umri wa miaka 32.

Anayedhani kosa ni la kutojua maumbile ya mnyama na amtazame George Stubbs, mchoraji Mwingereza, aliyejifungia katika kijiji cha Horkstow, Uingereza, kwa takriban miezi 18 akipasua mizoga ya farasi, na bado mwaka 1765, nyuma ya farasi maarufu wa mbio aitwaye Gimcrack, akachora farasi wa mbio walionyoosha miguu vivyo hivyo. Mkao ule ulikuwa namna iliyokubalika ya kuonyesha kasi. Mimi huwataka wateja warudi hatua tatu, waache kuhesabu kwato, watazame nyasi: zimepakwa kwa michirizi iliyofifia, ilhali misuli ya farasi imechorwa wazi, ndiyo maana wanaonekana kupaa. Rodin, mchongaji, aliutetea mchoro huu kwa hoja kwamba picha ya kamera husimamisha wakati, na wakati hausimami. Nakubaliana naye, ingawa wateja wangu hawapendi kuambiwa hivyo.

Wengine husema Muybridge alithibitisha kuwa farasi haachi ardhi kamwe. Alithibitisha kinyume chake. Wengine hudai kuwa Géricault alimaliza kazi hii uwanjani mbio zikiendelea, jambo lisilowezekana kwa rangi za mafuta, ambazo hukawia kukauka. Na wanaowacheka wapanda farasi wa michoro ya zamani kwa kukaa wima na vikuku virefu, yaani vile vya kukanyagia, wajue kuwa mtindo wa kujikunja juu ya shingo kwa vikuku vifupi ulienea Uingereza baada ya Tod Sloan, Mmarekani, kufika huko mwaka 1897.

Kuhusu kioo cha fremu: si kweli kwamba kioo cha kawaida huikinga nakala ya karatasi na jua. Usiitundike mkabala na dirisha, hata ukinilipa mara mbili.