Choroa anakunywa maji, jamani

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye bwawa la Dindira, Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, na wanafunzi wangu sita. Choroa wanne, wale swala wakubwa wenye pembe ndefu zilizonyooka, walikuwa wameinama, midomo imezama majini, mikia inapunga nzi. Gari la jirani lilikuwa na madirisha wazi, na muongozaji alikuwa anawaeleza wageni wake kwa kujiamini kabisa: "Huyu ndiye mnyama ambaye hanywi maji maisha yake yote." Mama mmoja mgeni akauliza kwa upole, "Sasa pale anafanya nini?" Kijana akachukua darubini, akatazama, akanyamaza kidogo, kisha akajibu: "Yule atakuwa mgonjwa."

Wote wanne?

Simlaumu sana yule kijana. Kafundishwa hivyo, na aliyemfundisha kafundishwa hivyohivyo. Kilichonitia uchungu hadi nikaandika haya ni mkutano wa mipango ya ardhi niliokaa mwaka huu, ambapo mtu mwenye kauli alisema lambo la msimu lililokuwa likijadiliwa halina faida kwa wanyamapori, kwa kuwa upande ule "wako choroa na swala twiga tu, na hao hawahitaji maji." Watu wakaitikia kwa vichwa. Hapo ndipo kosa la kwenye gari la watalii linapogeuka kuwa uamuzi wenye mhuri.

Choroa akiyakuta maji anakunywa. Asipoyakuta anaweza kukaa muda mrefu bila kuyagusa na bado akawa na mwili wake. Kukaa bila kitu na kutokihitaji ni mambo mawili. Aliyefunga Ramadhani hatumwiti mtu asiyehitaji chakula. Tunajua alikula daku na atafuturu. Choroa naye ana daku yake, na ndiyo watu hawaioni kwa sababu wakati huo wamelala.

Kwa swala twiga sina ugomvi mkubwa. Yeye anakula majani mabichi ya vichaka mwaka mzima, anasimama kwa miguu ya nyuma kuyafikia ya juu, na maji yake mengi yako humohumo kwenye jani. Choroa kwa sehemu kubwa ni mla nyasi, na nyasi za Mkomazi mwezi wa Septemba ni kama bati. Kwa hiyo swali la kweli ni anayapata wapi.

Miaka ya 1960 Mmarekani mmoja, C. Richard Taylor, alikuja Kenya kulichunguza hilohilo. Alipima majani ya kichaka kidogo kinachoitwa Disperma, ambacho swala granti na choroa hukila. Mchana yalikuwa na maji kama asilimia 1 tu ya uzito wake. Usiku, hewa ikipoa na unyevu ukipanda, majani yaleyale makavu yalivuta maji kutoka hewani hadi kufikia kama asilimia 40. Mmea wenyewe hauchoti kitu ardhini; ni jani kavu linalofyonza unyevu wa hewa kama chumvi iliyoachwa wazi jikoni wakati wa masika. Mnyama anayekula saa nane mchana anakula vumbi. Anayekula saa kumi usiku anakula na kunywa kwa mkupuo mmoja.

Huwa nawafanyisha wanafunzi jaribio ambalo halihitaji maabara. Mchana wanachuma nyasi kavu na kuzisugua kiganjani: zinavunjika, zinatoa sauti, zinaacha unga unaopeperuka. Kesho yake kabla ya adhana ya alfajiri tunarudi kwenye shina lilelile. Safari hii nyasi zinajikunja bila kukatika, zimelainika kama uzi uliolowa, na kiganja kinabaki na ubaridi. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kulisahau hilo, na wapo waliosahau kila kitu nilichoandika ubaoni.

Lakini usiku una gharama, na vitabu huipita haraka. Gharama hiyo ni simba. Kila saa choroa anayokula gizani ni saa ambayo macho ya simba yana faida kuliko yake. Ndiyo maana sipendi mtu akiniambia kwa wepesi kwamba "wanakula usiku" kana kwamba ni kubadilisha zamu kazini. Kila jani la alfajiri limelipiwa kwa hatari, na hesabu hiyo hubadilika kwa mwezi mchanga au mpevu, kwa idadi ya simba walioko.

Sasa tuje kwenye joto, maana hapa ndipo hadithi nyingi zinapotiwa chumvi. Utasikia kila kona: "Joto la mwili wa choroa hufika nyuzi 45." Namba hiyo ni ya kweli, na imetoka kwa Taylor huyohuyo. Ila aliipata kwa wanyama waliofungiwa kwenye chumba chenye joto, wamenyimwa maji, hawana kivuli wala upepo wala pa kwenda. Baadaye choroa wa Uarabuni waliwekewa vipima joto ndani ya miili na kuachwa watembee wapendavyo katika hifadhi ya Mahazat as-Sayd, Saudi Arabia. Kiangazi joto lao lilipanda na kushuka kwa nyuzi 4 hivi kwa siku, na majira ya baridi kwa nyuzi moja na nusu. Hawakufika 45. Mnyama mwenye hiari yake hajipeleki huko. Anatafuta mti mapema, anachimba kwa kwato hadi afikie mchanga uliopoa, analala hapo.

Hata hizo nyuzi chache zina thamani, na napenda tuzipigie hesabu. Chukua choroa wa kilo 150 anayeacha mwili wake upande nyuzi 5 tangu asubuhi hadi jioni badala ya kujipoza kwa jasho na kutweta. Joto alilolihifadhi, kama angelitoa kwa jasho, lingemgharimu lita moja hivi ya maji. Usiku joto hilo linaondoka bure kwenda kwenye hewa baridi. Lita moja. Kwa mtu mwenye bomba nyumbani si kitu, kwa mnyama anayekusanya maji jani kwa jani ni mali. Ngamia anafanya vivyo hivyo, na ndiyo siri yake kubwa, wala si nundu. Nundu ni mafuta.

Kinachonisumbua zaidi ni habari ya ubongo. Chini ya ubongo wa swala, choroa, mbuzi na kondoo kuna wavu wa mishipa midogo ya ateri, mamia kwa mamia, ambamo damu inayopanda kichwani hupita. Wavu huo umezungukwa na damu ya vena iliyotoka puani, ambako imepozwa na pumzi. Damu moto ikipita karibu na damu baridi, inapoa kabla ya kuingia ubongoni. Mwaka 1972 Taylor na mwenzake Lyman walimkimbiza swala tomi kwenye mashine, wakakuta ubongo una joto pungufu ya mwili kwa karibu nyuzi 3. Hapo ikazaliwa hadithi tamu: swala anaweza kukimbia mwili ukichemka, kichwa kikibaki kimepoa, duma akishindwa.

Niliifundisha hadithi hiyo kwa miaka saba. Nina deni kwa wanafunzi hao.

Mwaka 1994 Jessen na wenzake walichapisha vipimo vya nyumbu weusi waliokuwa huru huko kusini mwa Afrika. Nyumbu walipokuwa wametulia kivulini, ubongo ulikuwa umepoa kuliko damu. Walipokurupushwa wakakimbia, tofauti ile ilitoweka. Yaani pale ambapo ubongo ulidaiwa kuhitaji ulinzi zaidi, ulinzi ulizimwa. Kwa nyumbu wale waliokimbizwa, wavu haukufanya kazi ya ngao.

Basi unafanya nini? Maelezo ninayoyakubali sasa ni haya. Kipima joto cha mwili kiko ndani ya ubongo wenyewe. Ukikipoza, kinaamini hali si mbaya, na kinachelewa kuamuru mwili utoe jasho au uanze kutweta. Ni kama una feni inayojiwasha yenyewe chumba kikipata joto, halafu ukaweka barafu karibu na kihisio chake: feni itakaa kimya na umeme hautatumika, japo chumba kina joto. Umeme wa choroa ni maji. Kwa kondoo walionyimwa maji imepimwa kwamba ujanja huu unaweza kuokoa zaidi ya lita 2 kwa siku. Pundamilia hana wavu huo, na anajulikana kwa kutokaa mbali na maji.

Hata maelezo haya mapya yananiacha na shaka. Kama ubongo wa nyumbu anayekimbia unapanda joto pamoja na mwili na mnyama anapona, basi unavumilia joto kuliko tulivyokuwa tukiamini, na hadithi yote ilijengwa juu ya hofu isiyokuwepo. Wenzangu wengine hawapendi nikilisema hili darasani. Nalisema.

Mtu atauliza: kwa hiyo tuchimbe mabwawa kila mahali? Hapana, na hapa siwezi kutoa jibu la mkato. Kruger, Afrika Kusini, walichimba visima vingi kaskazini mwa hifadhi. Pundamilia na nyumbu wakahamia huko kufuata maji, simba wakawafuata, na korongo, wale swala wakubwa, waliokuwa wakiishi pale kwa sababu ya ukame wenyewe wakaanguka kutoka kama 450 mwaka 1986 hadi kama 45 mwaka 1993. Visima vikaanza kufungwa. Maji ya kudumu yanaweza kumuua mnyama uliyetaka kumsaidia. Choroa wa Oman, waliorudishwa kwenye jangwa la Jiddat al-Harasis mwaka 1982 baada ya kutoweka porini mwaka 1972, walipata unyevu kutokana na ukungu wa baharini na mimea inayoota kwa ukungu huo. Kilichowaangusha tena ni ujangili.

Kwa hiyo nikisema choroa anahitaji maji, sisemi mchimbieni. Nasema msimwondolee yale ya msimu aliyoyazoea kwa kisingizio cha kwamba hayahitaji, na msikate migunga ya kivuli kwa mkaa mkidhani jua halimdhuru. Kivuli cha saa saba mchana ni maji. Njia pana ya kufuata mvua iliyonyesha kilomita nyingi mbele ni maji.

Baada ya ule mkutano, mzee mmoja mfugaji alinifuata nje. Alikuwa amekaa kimya muda wote. "Mwalimu," akaniambia, "hao wanakunywa. Mvua ikichelewa wanakuja lamboni usiku, mbuzi wakishalala. Njoo uone." Nikaenda kesho yake kukiwa na kiza bado, tukawasha tochi na kuinama kwenye tope. Kwato za mbuzi zilikuwa zimetapakaa kila mahali. Juu yake, zimekanyaga na kufuta zile za mbuzi, kulikuwa na kwato kubwa zaidi, ncha zimekutana mbele, zimeingia tope la ukingoni hadi maji yakajaa ndani yake. Tulihesabu wanyama kumi na mmoja, mmoja wao ndama.

"Hawa nao ni wagonjwa?" mzee akauliza, kwa kuwa nilikuwa nimemsimulia ya Dindira.