Kingamwili huitambua seli, lakini haiifikishi dhahabu kwenye seli

Katika zahanati za Bahi, Chamwino na Kongwa, mhudumu hudondosha tone la damu kwenye kipimo cha haraka cha malaria, kisha husubiri mistari myekundu ijitokeze. Katika vipimo vingi vya aina hiyo wekundu huo ni dhahabu halisi: chembe zenye upana wa makumi machache ya nanomita (nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita), ambazo kwa udogo wake hufyonza mwanga wa kijani na kuonekana nyekundu, nazo zimevishwa kingamwili, yaani protini ya kinga inayotambua na kushika shabaha maalumu, ambayo hapa hunasa protini ya kimelea cha malaria. Wanafunzi wangu hapa Dodoma huniuliza kwa nini dhahabu hiyohiyo, ikivishwa kingamwili ya saratani, isitumwe moja kwa moja kwenye uvimbe. Swali lao ni zuri, na linastahili jibu kamili.

Kuivisha dhahabu ni kazi ya ustadi, ingawa inawezekana. Kingamwili ina umbo la Y na urefu wa nanomita 10 hadi 15 hivi, na sehemu zinazotambua shabaha ziko kwenye ncha za mikono miwili. Ikilala vibaya juu ya chembe, ncha hizo hufunikwa na utambuzi wote hupotea. Ndiyo maana wakemia hupendelea kuifunga kwa shina lake, mara nyingi kupitia sukari zilizomo humo.

Shabaha nayo haiko kwenye seli za saratani peke yake. Kipokezi cha HER2, protini iliyo juu ya seli ambayo kingamwili huishika, huzidi mno katika asilimia 15 hadi 20 ya saratani za matiti, lakini kipo pia kwa kiasi kidogo kwenye seli za kawaida, zikiwemo za moyo. Kinachotusaidia ni tofauti ya wingi: chembe yenye kingamwili nyingi hushika vipokezi kadhaa kwa wakati mmoja, kwa hiyo hung'ang'ania zaidi pale vilipojazana.

Ugumu wenyewe uko njiani. Kwenye kipimo cha malaria, karatasi huufyonza umajimaji na kuupitisha wote juu ya mstari wa kingamwili, ilhali mwilini hakuna kinachoilazimisha chembe kupita karibu na uvimbe, na kingamwili haiwezi kuivuta kutoka mbali. Muda mfupi baada ya sindano, protini za damu hujibandika juu yake na kuzifunika zile ncha, kisha makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza vitu vigeni, za ini na bandama huimeza. Uchambuzi wa tafiti za miaka 10, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba kwa kawaida asilimia 0.7 tu ya dozi hufika kwenye uvimbe: 0.9 kwa chembe zilizopewa kitambuzi kama kingamwili, na 0.6 kwa zisizo nacho. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo ndogo ndiyo habari kubwa kuliko zote katika fani hii. Dhahabu iliyobaki kwenye ini hukaa muda mrefu, kwa kuwa figo hazichuji chembe zinazozidi nanomita 6 hivi.

Nje ya mwili mambo ni tofauti kabisa. Chembe za oksidi ya chuma zenye kingamwili dhidi ya EpCAM, protini iliyo juu ya seli za saratani nyingi, zikichanganywa na damu iliyokwisha kutolewa, huvutwa kwa sumaku pamoja na seli za saratani zilizokuwa zikizunguka humo. Marekani iliruhusu kipimo cha namna hiyo mwaka 2004. Ndani ya mrija hakuna ini, na kazi ya kukusanya imeachiwa sumaku.

Kwa hiyo ninaposoma utafiti wa chembe mpya ya kudungwa mwilini, huanza na jedwali la ini na bandama, ndipo nitazame picha za uvimbe.